Mafua Hayakai Sakafuni

Mpunga unapovunwa Madibira, nyumba hujaa. Vibarua wanashuka kutoka Mufindi na Njombe, wanunuzi wanafuata mchele, ndugu wanakuja kusaidia kazi, na chumba cha watu wawili kinalaza watano. Mchana bonde la Usangu lina jua, lakini usiku wa Juni na Julai unapoa, na kule juu Mafinga, wanakotoka wageni wengi, baridi ni kali hasa. Madirisha yanafungwa mapema. Kwa kirusi cha influenza, huo nao ni msimu wa mavuno.

Wengi wakiamua kupambana na vijidudu nyumbani huanza na sakafu. Wanamwaga jiki, wanapiga deki mpaka nyumba inanuka kama wodi, kisha wanafunga mlango na kulala pembeni ya mtu anayekohoa. Deki ni jambo jema, ila mafua hayaingilii miguuni. Huingia kwa pua, mdomo na macho, yakiletwa na hewa tunayovuta na mikono inayogusa uso bila sisi kujua.

Kwa hiyo anza na hewa. Mgonjwa huweza kuambukiza wengine tangu siku moja kabla hajajisikia vibaya, na huendelea kwa siku 5 hadi 7. Watoto huchukua muda mrefu zaidi. Ukisubiri kikohozi ndipo ufungue dirisha, umechelewa. Mchana fungua madirisha ya pande mbili upepo upite, na usiku acha upenyo hata kama blanketi la pili litahitajika. Mgonjwa apewe chumba chake. Kisipokuwepo, walale mzungu wa nne ili asiwapumulie wenzake usoni. Jiko la mkaa lisiingizwe chumbani kwa kisingizio cha baridi. Hewa yake yenye sumu haina harufu, na imeshaua watu usingizini.

Mikono ndiyo yenye kazi kubwa. Kirusi cha influenza kimefunikwa na utando wa mafuta, na sabuni huuyeyusha utando huo kama inavyoyeyusha mafuta ya sufuria. Sabuni ya mche inatosha; ya bei kubwa haina la zaidi. Sugua kwa sekunde 20, viganja, kucha na katikati ya vidole, chini ya maji tiririka. Hapo ndipo desturi yetu ya bakuli moja la kunawia inapokwama: wa kwanza ananawa, wa tano anachovya mikono katika mafua ya wanne waliomtangulia. Mmiminie mtu maji kwa jagi, au funga kibuyu chirizi uani kwa kidumu, kamba na kijiti cha kukanyaga. Zile ndoo za koki zilizokuwa kila mlango wa duka wakati wa korona mwaka 2020 zimeishia kuhifadhia unga; zirudisheni kazini.

Kopo la pombe ya komoni linalozunguka kutoka mdomo hadi mdomo sina la kulitetea. Kila mtu aje na kikombe chake. Na salamu ya “kamwene” haipungui uzito mkono usipotolewa kwa wiki moja.

Vitu vya nyumbani navyo vina zamu yake, lakini vichache tu. Kwenye plastiki na chuma kirusi hiki huweza kudumu saa 24 hadi 48. Kwenye nguo na karatasi, saa 8 hadi 12 hivi. Hiyo maana yake ni simu, kitasa, koki, rimoti na kikombe cha mgonjwa. Vioshe kwa sabuni, isipokuwa simu, ambayo ifutwe kwa kitambaa chenye spiriti kidogo. Ukitaka kutumia jiki yenye nguvu ya asilimia 3.5, kipimo kimoja kwa vipimo 34 vya maji kinatosha, na kamwe usiichanganye na dawa nyingine ya kusafishia choo.

Kuna pua nyingi zinazotiririka kwa sababu ya vumbi la pumba tu. Kwa kawaida vumbi halileti homa wala maumivu ya mwili mzima. Mafua makali huleta vyote viwili, tena ghafla. Antibiotiki haziui virusi, kwa hiyo usimeze vidonge vilivyobaki kwa jirani.

Chanjo ya influenza haimo katika ratiba ya kawaida ya watoto nchini. Ile ya nimonia iliyoingizwa mwaka 2013 imo, na nimonia ndiyo mara nyingi huua baada ya mafua, hivyo kagua kadi ya mtoto. Moshi wa kuni nao huongeza hatari hiyo. Mtoto asilale jikoni.

Mtoto akiugua, mhesabie pumzi kwa dakika nzima akiwa ametulia. Wa miezi 2 hadi 11 akifika 50, au wa mwaka 1 hadi 5 akifika 40, au kifua kikibonyea ndani anapovuta hewa, apelekwe zahanati siku hiyo hiyo. Mpunga utasubiri.