Kufuta Rekodi za Katalogi kwa Skripti

Skripti ni mfululizo wa maagizo yanayoiwezesha kompyuta kufuta rekodi nyingi za katalogi ya mtandaoni kwa mpigo mmoja. Kupitia kiolesura cha programu, skripti husoma orodha ya nambari tambulishi na kutuma agizo la DELETE kwa kila rekodi. Aghalabu seva hujibu 204 rekodi ikifutwa, na 404 isipopatikana.

Hatari imo katika kuteua rekodi kwa kuzingatia anwani pekee. Toleo la Al-Inkishafi lililohaririwa na William Hichens mwaka wa 1939, kwa mfano, laweza kufutwa likidhaniwa kuwa marudio ya toleo jingine. Hivyo basi, sharti nakala ya akiba ihifadhiwe na orodha ikaguliwe kwanza. Rekodi ikipotea, kitabu husalia rafuni bila msomaji kujua kwamba kipo.