Rovu, Uchovu na Chupa ya Iodini

Swali niulizwalo mara nyingi kuliko yote katika chumba cha matibabu, na ambalo sasa limeanza kuniudhi kwa dhati, ni hili: «Daktari, ninywe matone mangapi kwa siku?» Aulizaye huwa ameshika chupa yake ndogo ya iodini, au pakiti ya unga wa mwani, naye hakuja kutaka kujua kama dawa ile yamfaa au haimfai, hilo amekwisha kulikata nafsini mwake, kwa kuwa jirani alimwambia, na muuza dawa wa mnadani akamthibitishia, ya kwamba uchovu wake, kunenepa kwake, baridi aionayo ilhali wenziwe wanatokwa na jasho, na hedhi yake iliyoharibika, vyote vyatokana na tezi ya shingo iliyokosa madini joto, yaani iodini. Mimi natakiwa nitaje idadi tu. Nimeulizwa hivyo na walimu wa Kahama, na akina mama waponda mawe wa Nyarugusu, na mfanyabiashara wa ng'ombe wa Shinyanga mwenye hesabu kali katika kila jambo jingine; na madhali jibu langu ni lile lile, yaani hata tone moja, afadhali niliandike hapa pamoja na hoja zake.

Sikatai kwamba dhana hii ilizaliwa na ukweli. Tezi hutumia iodini kuundia homoni zake, na mtu mzima huhitaji mikrogramu 150 kwa siku, na mjamzito 250. Na palipokosekana kiasi hicho kizazi baada ya kizazi, kama ilivyokuwa katika nyanda za juu za Iringa, Mbeya na Rukwa, rovu lilikuwa jambo la kawaida shingoni mwa watu, na watoto wengine walizaliwa na upungufu wa akili usiotibika. Ndiyo maana vidonge vya mafuta ya iodini viligawiwa katika wilaya zilizoathirika zaidi, na ndiyo maana, katikati ya miaka ya 1990, nchi yetu ikaweka sheria ya kutia madini joto katika chumvi. Lakini na tutazame vipimo, kwa kuwa katika jambo hili vipimo ndivyo kila kitu. Chumvi yenye miligramu 30 za iodini kwa kilo, ikiliwa gramu 5 kwa siku, ambazo ni kama kijiko kimoja cha chai, humpa mlaji mikrogramu 150 kamili. Tone moja la maji ya Lugol, dawa iliyotungwa na tabibu Mfaransa Jean Lugol mwaka 1829, likiwa na nguvu yake kamili, lina takriban miligramu 6, yaani mahitaji ya siku arubaini. Na yule anywaye matone matano asubuhi na matano jioni, kama alivyoelekezwa na muuzaji, amemeza kwa siku moja iodini ya mwaka mzima na zaidi.

Na mwani je, si chakula? Mwani ulimwao Paje na Jambiani tangu mwaka 1989 ni zao la heshima, lililowapa wanawake wa Unguja fedha za mikononi mwao wenyewe, na sehemu yake kubwa husafirishwa ng'ambo ili utolewe utomvu wa kugandishia vyakula na dawa za meno. Sina neno baya juu yake. Lakini kiasi cha iodini kilichomo katika mwani hutofautiana mno kwa aina yake, na kwa maji ulikoota, na kwa namna ulivyoanikwa na kuhifadhiwa, hata pakiti mbili zilizofanana kwa rangi na harufu zaweza kupitana mara kumi na zaidi. Aliyeufunga hakuupima, na auuzaye kandokando ya barabara ya Katoro hana awezalo kujua. Basi mimi nikiulizwa vijiko vingapi, naulizwa nikisie kipimo cha dawa ambayo hakuna aijuaye nguvu yake, na kazi hiyo tabibu mwaminifu haifanyi.

Madhara ya kuzidisha huja kwa njia mbili, tena zilizo kinyume. Tezi iliyokaa miaka mingi na njaa ya iodini huota vinundu, na baadhi ya vinundu hivyo huacha kutii amri itokayo kichwani. Vikiletewa iodini kwa wingi na kwa ghafla, huunda homoni pasipo kiasi, moyo ukaenda mbio, mikono ikatetemeka, mwili ukakonda, usingizi ukatoweka, na kwa mzee moyo ukashindwa kazi yake kabisa. Haya si mapya. Jean-François Coindet wa Geneva, aliyeanza kuwapa wagonjwa wa rovu iodini mwaka 1820, aliyaona kwa wagonjwa wake mwenyewe. Na karibu nasi zaidi, katika Kivu ya Kongo na huko Zimbabwe, miaka ya 1990, iodini ilipoingia kwa wingi miongoni mwa watu waliokaa bila ya madini hayo muda mrefu, matabibu walishuhudia wagonjwa wa homoni iliyozidi wakiongezeka. Wala hiyo si hoja ya kuikataa chumvi, ambayo imewaokoa watoto wengi kuliko dawa yoyote niijuayo katika fani hii. Ni hoja ya kukumbuka kwamba, ikiwa iodini ya chumvi ya chakula yaweza kumdhuru mwenye rovu la siku nyingi, basi chupa ambayo tone lake moja lina mahitaji ya siku arubaini si kitu cha kujaribia nyumbani.

Njia ya pili ndiyo inayowapata wale wanaolalamikia uchovu. Wolff na Chaikoff walionyesha mwaka 1948 kwamba iodini ikizidi sana, tezi husitisha kazi ya kuunda homoni; mtu mzima wa afya huirejesha baada ya siku chache, lakini yule ambaye tezi yake imekwisha kudhoofika huenda asiirejeshe. Na nani huwa na tezi dhaifu? Aghalabu ni yule aliye na maradhi aliyoyaeleza Hakaru Hashimoto wa Japani mwaka 1912, ambamo kinga ya mwili huigeukia tezi na kuila kidogo kidogo, nayo huwapata wanawake zaidi kuliko wanaume. Huyo hakosi iodini hata kidogo. Amekosa kiungo cha kuitumia, na kumwongezea iodini ni kumpelekea magunia ya unga mpishi aliyevunjika mikono. Kinachomfaa ni homoni yenyewe iliyokwisha kuundwa, na hilo limejulikana tangu mwaka 1891, George Murray wa Newcastle alipomdunga mgonjwa wake maji ya tezi ya kondoo, naye bibi yule, aliyekuwa taabani, akaishi miaka 28 mingine. Muuza chupa wa leo yuko nyuma ya elimu hiyo kwa zaidi ya karne.

Linalonikera zaidi ni ile hadaa ya kwamba sumu inatoka. Mtu akiisha kunywa matone yake majuma kadhaa, akaanza kukesha, moyo ukimdunda na mwili ukimpungua, huambiwa astahimili na aongeze kipimo, kwa kuwa hiyo ndiyo dalili ya dawa kufanya kazi. Na kwa maneno hayo kila dalili ya hatari hugeuzwa kuwa bishara njema, hata mgonjwa hana tena njia ya kujua kuwa anadhurika. Tiba ambayo haina alama yoyote ya kushindwa, ambayo ukipata nafuu ni yenyewe na ukizidiwa pia ni yenyewe, hiyo si tiba. Na wale wachanjao shingo kwa wembe na kupaka majivu nawaambia waache leo, bila ya mjadala: tezi ina damu nyingi kuliko viungo vingi vya ukubwa wake, na wembe uliotoka shingo moja kwenda nyingine huchukua maradhi yasiyo na uhusiano wowote na rovu.

Mimi huulizwa pia kama kabichi na ugali wa muhogo huleta rovu. Kabichi iliyopikwa, kwa kiasi tulacho, haina neno. Muhogo una neno kidogo: ule mchungu usiotayarishwa vizuri huacha mwilini kemikali inayozuia iodini isiingie katika tezi, na uchunguzi uliofanywa na Wabelgiji katika kisiwa cha Idjwi, Ziwa Kivu, ulionyesha jinsi muhogo huo na ukosefu wa iodini vilivyosaidiana kuzidisha marovu ya watu wa pale. Lakini udaga uliolowekwa na kuchachuka barabara, kisha ukaanikwa, ukaliwa pamoja na chumvi yenye madini joto, hauna sababu ya kuogopwa na mtu wa Usukuma.

Sasa nije kwenye uchovu wenyewe, kwa kuwa hapo ndipo dhana ile inapofanya uharibifu mkubwa kuliko wote. Wengi wa waliochoka katika mikoa hii hawana maradhi ya tezi. Wana damu pungufu, kwa uzazi wa mfululizo au kwa safura, wana kichocho walichokipata katika malambo na pwani za ziwa, wana malaria isiyokwisha vizuri, wana selimundu, ambayo Kanda ya Ziwa imejaaliwa sehemu yake kubwa, wana kifua kikuu, hasa aliyevuta vumbi la mawe katika maduara ya dhahabu miaka mingi, wana kisukari, wana VVU wasivyopimwa, au wana huzuni nzito ambayo hakuna aliyewauliza habari zake. Kila mwezi unaopita katika matone ni mwezi ambao maradhi hayo, yenye tiba, yanaendelea kula mwili. Na hata kipimo cha tezi kikionyesha kasoro ndogo, yaani TSH, ile amri itokayo kichwani, imepanda kidogo na homoni ya tezi yenyewe ingali sawa, uchovu huenda usiwe wake: katika utafiti mmoja wa Ulaya uliochapishwa mwaka 2017, wazee 737 wenye kasoro ya namna hiyo waligawanywa, wengine wakapewa homoni na wengine vidonge vitupu, na baada ya mwaka uchovu wa makundi mawili haukupishana.

Tena liko jambo linaloihusu Geita kuliko Dar es Salaam. Kijana akija hali anatetemeka mikono, amekonda, ana hasira za haraka, hapati usingizi na moyo wake hautulii, tabibu wa mjini huandika tezi mara moja. Lakini katika nchi ya mialo na makarasha sharti kwanza aulizwe kama huchoma dhahabu iliyonaswa kwa zebaki. Mvuke wa zebaki hauna rangi wala harufu, na kadiri ya asilimia 80 ya ule uvutwao hubaki mwilini, ukaingia hata ubongoni. Na dalili zake zafanana na za homoni iliyozidi kiasi cha kuwababaisha mabingwa. Huko Rwamagasa, ambako Shirika la Maendeleo ya Viwanda la Umoja wa Mataifa lilifanya uchunguzi mwanzoni mwa miaka ya 2000, wachomaji walikutwa na dalili za kudhuriwa na zebaki, na tatizo hilo halikukoma kwa nchi yetu kuridhia Mkataba wa Minamata mwaka 2020, kwa kuwa wako bado wanaochoma juu ya jiko lile lile linalopikiwa uji wa watoto. Mtu huyo apimwe mkojo kwa zebaki, wala si nywele, ambazo huonyesha zaidi zebaki ya samaki. Aondolewe penye mvuke, na atumie mtungi uliofungwa unaounasa mvuke badala ya kikaango cha wazi. Iodini haiondoi zebaki, wala maziwa hayaiondoi, japokuwa maziwa hayadhuru.

Ya kufanya, kwa ufupi. Uchovu ukizidi majuma manne, pima kwanza wingi wa damu, malaria, choo na mkojo, sukari na VVU, na makohozi kama unakohoa. Kipimo cha TSH kiongezwe ikiwa una rovu, baridi isiyo ya kawaida, choo kigumu, hedhi iliyovurugika, au ndugu wa damu mwenye maradhi hayo. Kipimo kisipopatikana hospitali ya karibu, Bugando kule Mwanza kipo. Vidonge vya kuotesha nywele vyenye bayotini viache siku kadhaa kabla, kwa kuwa huharibu majibu. TSH ikiwa juu na T4, homoni ya tezi yenyewe, ikiwa chini, dawa ni levothairoksini, kila siku, asubuhi, kwa maji matupu, nusu saa au saa moja kabla ya chai, na kipimo kirudiwe baada ya majuma sita hadi manane. Usiache ukijisikia nafuu. TSH ikiwa chini na homoni imezidi, kuna kabimazoli, na propranololi ya kutuliza moyo kwa asiye na pumu. Ukipata homa na koo kuuma ukiwa katika kabimazoli, iache siku hiyo hiyo ukapimwe chembe nyeupe za damu. Upasuaji upo, na iodini ya mionzi hutolewa katika hospitali ya Ocean Road, Dar es Salaam. Mwenye rovu gumu linalokua haraka, au sauti iliyokauka, au anayemeza kwa shida, apelekwe hospitali bila ya kungoja mavuno. Chumvi ifunikwe, itiwe chakula kikikaribia kuiva, wala isizidishwe. Na mwanamke atumiaye levothairoksini, akikosa hedhi asingoje mimba ionekane: aende kliniki juma lile lile, kwa kuwa kipimo chake huhitaji kuongezwa mapema, na vidonge vya chuma atakavyopewa huko avimeze jioni, vikiachana na dawa ya tezi kwa saa nne au zaidi.