Spika za kikundi: tuchague ipi kati ya jozi mbili?

Kikundi kinachosikiliza pamoja kipindi cha kilimo au afya kinahitaji sauti inayowafikia wote. Simu ikiwekwa mezani huwatosha waliokaa karibu. Walio nyuma hubaki kuulizana, "Amesemaje?"

Kusikiliza kwa vikundi si jambo geni nchini. Mwaka 1973 kampeni ya redio ya Mtu ni Afya iliwakutanisha watu wapatao milioni 2 katika vikundi vya kusikiliza na kujadili. Lakini mjadala hauwezi kuwa mzuri kama somo lenyewe halikusikika.

Tuchukue mfano. Kikundi cha watu 25 hapa Dutwa, wilayani Bariadi, kimetenga fedha baada ya kuuza pamba. Kinataka jozi ya spika ndogo za mezani zenye amplifaya ndani yake. Dukani wanaonyeshwa jozi mbili. Zote ni za inchi 4, zote zinapokea flashi na Bluetooth, na bei zinakaribiana. Boksi la kwanza limeandikwa "1200W PMPO". La pili limeandikwa "2 x 15W RMS". Wengi watanyoosha kidole kwenye la kwanza. Tunashauri wasubiri kidogo.

1. Someni lebo ya nyuma

PMPO ni namba ya kumvutia mnunuzi. Haina kipimo kimoja kinachofuatwa na watengenezaji wote. RMS huonyesha nguvu ambayo amplifaya inaweza kuitoa mfululizo. Katika mfano wetu, nyuma ya jozi ya kwanza pameandikwa kwamba inatumia wati 40 za umeme. Kifaa hakiwezi kutoa mfululizo nguvu inayozidi umeme kinaoutumia. Adapta ya jozi ya pili ni volti 12 na ampea 3, yaani wati 36. Kwa hiyo nguvu zao zinakaribiana sana. Tena, hata wati zikiongezeka mara mbili kweli, sauti hupanda desibeli 3 tu, na sikio huona tofauti ndogo.

2. Pigeni hesabu ya betri

Hapa ndipo jozi hizi zinapotofautiana. Ya kwanza inataka umeme wa volti 230, kwa hiyo kwenye sola itahitaji inveta. Ya pili inatumia volti 12.

Betri ya volti 12 na ampea-saa 50 ina wati-saa 600. Kama ni betri ya maji, ni vizuri kutumia nusu tu, yaani 300, ili isife mapema. Jozi ya pili ikitumia wati 36 zote, itapiga saa 8 hivi. Jozi ya kwanza, inveta ikipoteza asilimia 15, itatumia wati 47 na kupiga saa 6 na kidogo. Inveta pia hula umeme hata spika zikinyamaza.

Angalizo: betri ya volti 12 inapochajiwa na sola inaweza kupita volti 14. Kabla ya kuunganisha, hakikisheni lebo ya spika inaruhusu kiwango hicho, na fundi ahakikishe chanya na hasi havikugeuzwa.

3. Sikilizeni maneno, si besi

Muuzaji akipiga muziki wenye besi nzito, kila spika itapendeza. Nendeni na sauti ya mtu anayezungumza, kwa Kiswahili na kwa Kisukuma. Fanyeni hivi:

- Wekeni jozi zote mbili katika sauti iliyo sawa. Inayopiga kwa nguvu zaidi huonekana bora hata kama si bora.
- Mtu mmoja asimame mbali, azipe spika kisogo, aandike namba anazosikia.
- Hesabuni makosa yake kwa kila jozi.

Jaribio hili si mchezo. "Sita" na "tisa" hutofautishwa na herufi s na t, ambazo hubebwa na sauti nyembamba, na besi ikizidi huzifunika. Mkulima akisikia tisa badala ya sita atakosea kipimo cha dawa ya pamba.

4. Kabla ya kulipa

Ulizeni waranti na mdai risiti. Angalieni kama fundi wa karibu anaweza kupata adapta na waya za kubadilisha.

Uamuzi

Kama kikundi kinatumia sola, tunashauri jozi ya pili, ilimradi imefaulu jaribio la namba. Kama mnatumia umeme wa TANESCO, chukueni iliyofaulu zaidi. Mkifika nayo, iwekeni usawa wa masikio ya waliokaa, mbali na kona, kwa sababu kona huongeza besi.

Maswali ya kujadili

- Ni nani katika kikundi chetu hasikii vizuri, na anakaa wapi?
- Nani atatunza spika na betri, na fedha za matengenezo zitatoka wapi?