Wanyama wa Mizigo na Matembezi ya Wageni Milimani



Katika mkutano mkuu wa chama kimoja cha msingi cha wakulima wa kakao, upande wa Kyela unaopakana na milima, mwanachama mmoja alisimama wakati wa mengineyo akiwa na picha mkononi. Picha ilionyesha wageni wakipanda mlima, kila mmoja ameshika kamba ya mnyama mwenye shingo ndefu na manyoya tele. Mwanachama huyo aliomba chama kikate fedha kidogo katika kila kilo ya kakao ya msimu ule, kiagize wanyama wa namna hiyo, na kuwatembeza wageni katika Milima ya Livingstone hadi Matema, wakaone maisha ya watu na kununua vyungu vya Wakisi. Baadhi ya wajumbe walicheka. Hata hivyo hoja ilipata wafuasi wengi kuliko nilivyotazamia, na mwenyekiti akanigeukia mimi, mkaguzi, nitoe maelezo. Siku ile nilijibu kwa ufupi kwa kuwa jua lilikuwa limekwisha kushuka. Jibu kamili ni hili, na nalitoa kwa vyama vyote kwa sababu nimekwisha kuulizwa jambo hilo hilo mahali pengine pawili.

Wanyama waliokuwa katika picha ile ni lama na alpaka. Asili yao ni Milima ya Andes katika nchi kama Peru na Bolivia, Marekani ya Kusini, na ni jamaa wa ngamia ijapokuwa hawana nundu. Wenyeji wa huko waliwafuga maelfu ya miaka kabla farasi na punda hawajafikishwa kwao na Wahispania. Lama ndiye mchukuzi. Alpaka ni mdogo zaidi na hufugwa kwa ajili ya sufi yake. Yafaa wanachama wafahamu kwamba lama hachukui mzigo mkubwa: aliyekomaa hubebeshwa takriban robo ya uzito wake, na akizidishiwa hulala chini akakataa kuondoka. Sifa yake ni kwamba unyayo wake ni laini na hauchimbui njia, na kwamba amezoea nchi za juu zenye baridi na ukavu. Katika joto lenye unyevu hudhoofika upesi. Ziwa Nyasa liko kiasi cha mita 475 tu juu ya usawa wa bahari, na hakuna mkazi wa Kyela anayehitaji kuelezwa habari za mvua na joto la nchi yetu, hasa mwezi wa Aprili mito ya Kiwira, Mbaka na Lufilyo inapofurika. Kumshusha lama Matema ni kumwua. Sijataja bado vibali vya idara ya mifugo, gharama ya kumsafirisha toka ng'ambo, wala ukweli kwamba akiugua hatapatikana kwa urahisi mganga wa mifugo aliyepata kumtibu.

Lakini wazo lenyewe, la wageni kutembea na mnyama abebaye mizigo huku wakiongozwa na wenyeji, si geni katika Afrika ya Mashariki. Huko Samburu na Laikipia nchini Kenya wageni hutembea na misafara ya ngamia. Katika nyanda za juu za Ngorongoro, Wamaasai huwatanguliza punda wenye mizigo kupita Empakai na kuteremka hadi Ngare Sero, karibu na Ziwa Natron. Utalii wa kitamaduni wa vijijini ulianza kuandaliwa kwa utaratibu maalumu katika mikoa ya kaskazini ya Tanzania katika miaka ya 1990, kwa msaada wa Waholanzi na Bodi ya Utalii, na vijiji kama Longido na Mto wa Mbu vikapata sifa.

Mfano unaotuhusu zaidi uko juu ya vichwa vyetu. Wilaya ya Makete, ambayo wakati ule ilikuwa katika Mkoa wa Iringa na sasa iko Njombe, ilipata mradi wa usafiri wa vijijini katika miaka ya 1980, chini ya Shirika la Kazi Duniani na kwa fedha za Uswisi. Wataalamu waliochunguza hali ya Makete waligundua jambo ambalo mama yeyote wa kijijini angewaambia bila malipo: kwamba sehemu kubwa ya usafirishaji haipiti katika barabara za magari, bali katika vijia, kichwani mwa mwanamke, kutoka kisimani, porini, shambani na mashineni. Kwa hiyo, pamoja na kutengeneza vijia na madaraja madogo, mradi ulihimiza matumizi ya punda. Hapa ndipo pa kujifunza. Punda amezoea nchi kavu kuliko bonde letu lenye unyevu. Manyoya yake hayazuii maji, na kwato zake huoza akikaa katika matope. Basi mnyama wa mizigo wa milima hii anajulikana tayari, wenyewe wanaishi jirani nasi, na hahitaji kuvushwa bahari.

Punda wetu wa kawaida asibebeshwe zaidi ya kilo 40 katika njia ya mlima. Watu husema anaweza zaidi, na ni kweli kwamba anaweza, kwa siku chache. Mzigo ugawanywe sawasawa katika pande mbili za shogi, na chini ya shogi liwekwe tandiko nene ili uti wa mgongo usiguswe na kitu chochote. Katika mteremko mkali mzigo huteleza kuelekea shingoni. Kwa hiyo hapana budi iwepo kamba pana ya nyuma, ipitayo chini ya mkia, ya kuuzuia. Kamba nyembamba hukata ngozi. Nimeona punda wenye vidonda vya mgongo wakitembezwa mbele ya wageni, nikaona pia wageni wakigeuza nyuso zao. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inakataza kumtesa mnyama, na ingawa haitajwi mara nyingi katika mikutano yetu, chama kinaweza kushitakiwa kwayo kama mtu binafsi.

Kuna jambo jingine kuhusu punda. Jike hubeba mimba kwa kiasi cha mwaka mzima na huzaa mtoto mmoja, hivyo aliyekufa harudishwi upesi. Biashara ya ngozi za punda kwenda Uchina ilipunguza idadi yao katika nchi nyingi za Afrika, hata Tanzania ikapiga marufuku uchinjaji wao mwaka 2022, na Umoja wa Afrika ukafuata kwa bara zima mwaka 2024. Chama kisifikiri kununua kundi. Kikodi kwa wenye punda.

Sasa tuitazame njia. Uwanda wa Kitulo uko kiasi cha mita 2,600 juu ya usawa wa bahari, na sehemu yake ilitangazwa kuwa Hifadhi ya Taifa mwaka 2005 kwa sababu ya maua yake, hasa jamii za okidi. Mifugo hairuhusiwi kuingia katika Hifadhi ya Taifa. Narudia maneno haya kwa kuwa wajumbe kadhaa walidhani kwamba mwongozaji mwenye kibali anaweza kupita na punda wake. Hawezi. Punda wapitishwe nje ya mipaka, kwa kufuata njia za vijiji, na wageni watakao kuona maua waingie kwa miguu na kulipa ada kwa wenye hifadhi. Kutoka ukingo wa milima hadi Matema mtu huteremka karibu mita 2,000. Kwa maoni yangu mteremko huo haumfai punda mwenye mzigo, na unyevu wa chini haumfai hata akiwa mtupu. Mizigo na ihamie mabegani mwa wachukuzi ukingoni, punda warudi kwao. Mchukuzi naye ana kipimo chake: katika Mlima Kilimanjaro wachukuzi hawaruhusiwi kubeba zaidi ya kilo 20, na sioni sababu ya mtu wa kwetu kubebeshwa zaidi.

Hesabu ndiyo iliyonifanya niandike makala hii. Kamati ndogo ya chama nilichokitaja iliniletea makisio ya msafara wa wageni sita, kila mmoja akilipa shilingi 80,000, jumla shilingi 480,000. Mizigo ilikuwa kilo 120: punda watatu siku ya kwanza, wachukuzi sita siku ya pili. Waongozaji wawili kwa siku mbili, kwa shilingi 25,000 kila siku, ni 100,000. Punda watatu kwa siku moja, kwa shilingi 15,000 kila mmoja pamoja na mswagaji wake, ni 45,000. Wachukuzi sita kwa siku moja, kwa kiasi hicho hicho, ni 90,000. Chakula 80,000, malazi na ada ya kijiji 60,000. Jumla ya matumizi ikawa 375,000, na ziada 105,000. Kamati ilifurahi sana.

Nikawauliza: Punda watalala wapi siku ya pili? Wakasema, watakuwa wanarudi kwao. Na wachukuzi siku ya tatu? Watakuwa wanapanda mlima kurudi. Je, siku hizo mwenye punda na mchukuzi wanakula nini? Kukawa kimya. Siku ya kurudi ni siku ya kazi, tena kwa mchukuzi ndiyo ngumu kuliko ile ya kushuka. Tukailipa siku hiyo katika karatasi: punda wakawa 90,000, wachukuzi 180,000, matumizi yote 510,000. Ziada ya shilingi 105,000 ikageuka hasara ya shilingi 30,000 kwa kila msafara, kabla ya kuhesabu leseni, matandiko na dawa. Kadiri wageni wangekuja kwa wingi, ndivyo kakao ya wanachama ingeliwa upesi.

Kuhusu vyungu, mpango ule ulitaka chama kinunue kwa akina mama wa Kikisi wa Ikombe na kuwauzia wageni kwa bei ya juu. Nilipinga. Wanawake hao hufinyanga kwa mikono bila gurudumu, huchoma vyungu vyao katika moto wa wazi, huvisafirisha kwa mitumbwi hadi soko la Lyulilo, na hawajapata kuhitaji karani wa kakao awauzie. Wageni wapelekwe Ikombe kwa mtumbwi, wamlipe mfinyanzi mkononi. Na mtu asipigwe picha akiwa kazini kabla ya kuombwa ruhusa.

Kwa upande wa sheria, makatibu wakumbuke kwamba chama hufanya kazi zilizoandikwa katika masharti yake tu. Chama cha mazao kikitaka kutembeza wageni, masharti hayana budi kurekebishwa na mkutano mkuu na kusajiliwa na Mrajis, kwa mujibu wa Sheria ya Vyama vya Ushirika Na. 6 ya mwaka 2013. Shughuli iingie katika makisio ya mwaka. Na leseni ipatikane chini ya Sheria ya Utalii ya mwaka 2008. Fedha za wageni ziwe na vitabu vyake na stakabadhi zake, zisichanganywe na malipo ya kakao hata kwa siku moja. Hoja ya kukata fedha za wanachama haiamuliwi katika mengineyo, wakati nusu ya watu wamekwisha kuvaa kofia zao. Iwekwe katika ajenda, na taarifa itolewe mapema.

Chama kile kilikutana tena baada ya miezi mitatu. Kiliacha habari za lama, kikakataa makato, na kuamua kujaribu misafara michache wakati wa kiangazi kwa shilingi 100,000 kila mgeni, kwa punda wa kukodi. Mwanachama mwenye picha aliingizwa katika kamati, na ndiye aliyeleta swali ambalo mimi mwenyewe nilikuwa sijalifikiria: punda wa kukodi akianguka korongoni, nani atamlipa mwenyewe? Tuliandika katika mkataba kwamba chama kitalipa bei ya punda iliyokubaliwa kabla ya safari, isipokuwa ithibitike kuwa mswagaji alimzidishia mzigo. Kwa ajili hiyo chama kimenunua mizani ya kuning'iniza, na kila shogi hupimwa mbele ya mwenye punda kabla ya kuondoka.

Mkaguzi wa Vyama vya Ushirika