Mfupa wa supu ukigeuka kidani: Uzuri wake, na vumbi la kuwaepusha watoto

Ukiona bangili nyeupe yenye michoro myeusi katika maduka ya vinyago jijini Nairobi, usidhani ni plastiki, wala usiogope kwamba ni pembe ya ndovu. Kuna uwezekano mkubwa ni mguu wa ng'ombe. Ni mfupa kama ule ambao wanao waligombania uboho wake Jumapili iliyopita, ila huu ulipita mikononi mwa fundi kabla ya kufika jalalani.

Mtaa wa Kibera una karakana kadhaa za kazi hii. Mafundi hununua mifupa na pembe za ng'ombe kutoka kwa vichinjio na wauzaji nyama, wakaichemsha kutoa mafuta na mabaki ya nyama, wakaikausha, kisha wakaikata kwa msumeno wa umeme vipande vya shanga, hereni, vifungo vya nguo, vijiko vya saladi na mipini ya visu. Baadaye huja mashine ya kusugulia, halafu msasa, halafu kitambaa cha kung'arishia. Ile michoro myeusi huchorwa kwa nta: fundi anachora kwa nta iliyoyeyushwa, anatumbukiza kipande kwenye rangi, kisha anaiondoa nta. Palipokuwa na nta hubaki peupe. Ni mbinu ile ile ya vitambaa vya batiki. Bidhaa nyingi huishia Ulaya na Marekani, na pesa zake hulipa kodi ya nyumba na karo za watoto papa hapa.

Kazi yenyewe si ngeni kwetu. Katika pwani ya Waswahili, viti vya enzi walivyokalishwa wageni wa heshima vilipambwa kwa vipande vidogo vya pembe za ndovu au mifupa vilivyopachikwa kwenye mbao nyeusi. Tangu biashara ya kimataifa ya pembe za ndovu ipigwe marufuku mwaka 1989, mfupa wa ng'ombe umebaki kuwa njia halali ya kupata weupe ule. Ndiyo maana wasafiri wengine huulizwa maswali kwenye uwanja wa ndege. Kuvitofautisha si vigumu ukiwa na kioo cha kukuzia. Mfupa una vitundu na mistari midogo ya kahawia ilimopita mishipa ya damu. Pembe ya ndovu haina vitundu hivyo. Ikikatwa upande, huonyesha mistari inayopishana kama wavu.

Vitundu hivyo vinatukumbusha jambo ambalo wengi wetu tulifundishwa shuleni tukalisahau: mfupa si jiwe. Ukiwa mwilini ni kitu hai, na hata ukikauka ni mchanganyiko wa vitu viwili. Takriban theluthi mbili ya uzito wake ni madini, hasa kalsiamu na fosfati, yanayoufanya uwe mgumu. Sehemu kubwa ya kilichobaki ni kolajeni, nyuzi za protini zinazouzuia usivunjike kama kigae. Fundi hutegemea vyote viwili. Bila madini, kidani kingelegea. Bila kolajeni, kingepasuka msumeno ukigusa tu.

Mnaweza kuliona hili jikoni. Chukua mfupa wa paja la kuku, usafishe vizuri, uweke kwenye chupa ya kioo na uujaze siki. Badilisha siki baada ya siku mbili. Kufikia siku ya nne au ya tano mtoto ataweza kuupinda kama mpira, kwa sababu asidi ya siki imeyeyusha madini na kuacha nyuzi. Moto hufanya kinyume chake: mfupa ulioungua hadi ukawa mweupe kwenye makaa husagika kwa vidole, kwani nyuzi zimeteketea yakabaki madini. Majivu hayo nayo yana wateja wake. Mwishoni mwa karne ya 18, mfinyanzi Josiah Spode wa Stoke, Uingereza, aliboresha mchanganyiko wa udongo ambao karibu nusu yake ni majivu ya mifupa ya ng'ombe. Ndio unaotoa vikombe vile vyembamba vinavyopitisha mwanga. Wapo wanaokunywa chai katika mfupa kila asubuhi bila kujua.

Wabunifu wengine hawagusi mfupa wenyewe. Wanaiga tabia yake. Mwaka 1892 daktari wa upasuaji wa Ujerumani, Julius Wolff, aliandika kwamba mfupa hujijenga kulingana na uzito unaoubeba: panapobanwa hunenepa, pasipotumika hupungua. Mwaka 2006 Mholanzi Joris Laarman alitumia programu ya kompyuta ya wahandisi wa magari inayofuata kanuni hiyo, akatengeneza kiti cha alumini ambacho miguu yake hugawanyika kama matawi, mnene hapa na mwembamba pale. Kompyuta iliondoa kila sehemu isiyobeba mzigo.

Miili ya wanetu hufanya hesabu hiyo hiyo kila siku, bila kompyuta. Wanaanga, ambao huko juu hawabebi hata uzito wao wenyewe, hupoteza asilimia 1 hadi 1.5 ya uzito wa baadhi ya mifupa yao kila mwezi. Mtoto anayeruka kamba anaiambia mifupa yake ijijenge. Anayeshinda kwenye kochi na simu anaiambia haihitajiki sana. Shirika la Afya Duniani linapendekeza angalau dakika 60 za mazoezi kwa siku kwa walio na umri wa miaka 5 hadi 17.

Vumbi linalofika nyumbani

Sasa nirudi karakanani, kwa sababu kuna jambo wanunuzi wa bangili hawalioni. Mfupa unaposuguliwa kwa mashine hutoa vumbi laini jeupe linaloelea hewani kwa muda mrefu. Huwasha macho na koo, na chembe ndogo zaidi huingia ndani kabisa ya mapafu. Kwa mwenye pumu, hilo latosha kuamsha shambulio. Fundi huketi nalo siku nzima, na pale ambapo karakana na chumba cha kulala vimetenganishwa na ukuta wa mabati, mtoto mchanga hulivuta pia.

Kitambaa kilichofungwa puani hakizuii chembe hizo. Inahitajika barakoa ya aina ya N95 inayobana vizuri usoni. Kulowesha mfupa maji wakati wa kusugua kwa msasa wa mkono hupunguza vumbi sana. Nguo za kazi zibaki kazini, na mzazi aoge kabla ya kumbeba mtoto. Najua ni rahisi kuandika hivi kuliko kuyafanya mahali ambapo maji hununuliwa kwa mtungi, lakini kubadilisha shati tu mlangoni tayari kunasaidia.

Chanzo cha mfupa nacho ni muhimu. Mnyama aliyekufa ghafla malishoni asiguswe, hata mifupa yake ikiwa mikavu. Vijidudu vya kimeta huweza kuishi miaka mingi kwenye udongo na katika mabaki ya mnyama, na kuchemsha kwa muda mfupi sufuriani si hakikisho la kuviua. Mjulishe afisa wa mifugo. Mifupa ya wanyamapori ni marufuku kuimiliki bila kibali, kwa hiyo kipande alichookota mwanao mbugani kibaki mbugani.

Mkitaka kujaribu sanaa hii nyumbani, tumieni mifupa ya nyama iliyonunuliwa buchani. Ichemsheni kwa moto mdogo, muiloweke siku kadhaa kwenye maji ya sabuni ya vyombo mkibadilisha kila siku hadi mafuta yaishe, kisha muianike kivulini. Jua kali huipasua. Msitumie dawa ya kung'arisha nguo, kwani hula nyuzi na kuufanya mfupa umomonyoke. Mtoto apake rangi na kuchora. Kukata na kusugua kwa mashine waachieni mafundi.

Na kwa aliye na mtoto wa chini ya miaka 3: shanga za mfupa si za kung'atia meno yanapoota. Huweza kupasuka, rangi yake huenda haikukusudiwa kuingia kinywani, na shanga moja iliyochomoka yatosha kuziba koo. Mtoto yeyote mdogo avuliwe kidani kabla ya kulala.