Tuwashinde Koa Bila Kuleta Sumu Nyumbani



Katika mashamba makubwa ya chai na miwa ya Uganda, kama yale ya upande wa Fort Portal, Jinja na Lugazi, mfanyakazi aliyebahatika kuwa na kipande cha ardhi nyuma ya nyumba hupanda dodo, sukuma wiki, kabichi na nyanya. Bustani hiyo si mchezo. Kila fungu la mboga linalotoka humo ni fungu ambalo mshahara haukulilipia.

Lakini mvua za Machi hadi Mei, na zile za Septemba hadi Novemba, huleta wezi. Jioni unaacha miche imesimama, asubuhi unakuta vijiti. Hapo wengine hukimbilia njia ya mkato: kuchota dawa kidogo ya kunyunyizia shambani na kuileta nyumbani ndani ya chupa ya soda. Tunasema wazi kwamba mwizi wa mboga anaweza kushindwa kwa mikono na subira, lakini sumu iliyoingia nyumbani haina huruma kwa mtu.

MJUE ADUI KWANZA

Usipige vita kabla ya kujua unapigana na nani. Wadudu waharibifu huacha alama.

Ukiona majani yametobolewa ovyo ovyo, na juu yake kuna njia ya ute unaong'aa, huyo ni konokono au koa, yaani yule konokono asiye na kombe. Mchana hujificha chini ya mawe, mbao na majani yaliyooza, kwa sababu jua hukausha mwili wake. Usiku hutoka kula. Kila koa ana viungo vya uume na vya uke pamoja, na hutaga mayai mafungu mafungu katika udongo wenye unyevu. Mayai hayo hufanana na shanga ndogo zinazopenyeza mwanga. Ukiyafukua, yaponde.

Ukiona mche umekatwa usawa wa ardhi na kuachwa umelala, huyo si koa. Ni sota, kiwavi wa rangi ya udongo. Fukua kidogo kuzunguka shina hilo asubuhi ile ile. Mara nyingi utamkuta amejikunja.

Ukiona majani yamejikunja na chini yake kuna vijidudu vingi vinavyonata, huku sisimizi wakipanda na kushuka, hao ni vidukari. Wao hufyonza maji ya mmea.

KAZI YA MIKONO

Kwa koa, silaha ya kwanza ni taa. Toka saa mbili au saa tatu usiku, hasa baada ya mvua, uwaokote kwa kijiti au ukiwa umevaa mfuko wa plastiki mkononi, na uwatie katika ndoo ya maji yenye sabuni. Usiwashike kwa mkono mtupu, maana baadhi ya konokono na koa hubeba minyoo inayoweza kumdhuru mtu. Kwa sababu hiyo pia, osha mboga vizuri na uzipike. Fanya hivyo usiku kadhaa mfululizo. Usiku mmoja hautoshi.

Silaha ya pili ni mtego. Laza ubao au kipande cha mgomba kilichopasuliwa, upande wenye maji ukielekea chini, kati ya matuta. Koa watakimbilia hapo alfajiri kujificha. Asubuhi kabla ya kwenda kazini, geuza, okota, rudisha. Vilevile waweza kufukia kopo lenye mabaki ya pombe ya ndizi. Harufu ya hamira huwavuta, nao huzama. Acha mdomo wa kopo uinuke kidogo juu ya udongo, ili wadudu wanaotembea chini na kutusaidia kula mayai ya koa wasitumbukie.

Silaha ya tatu ni usafi na saa ya kumwagilia. Ondoa magugu na taka karibu na miche. Mwagilia asubuhi badala ya jioni, ili usiku udongo wa juu uwe umekauka.

Majivu huzuia koa yakiwa makavu tu. Mvua ikinyesha lazima uyaweke upya. Chumvi usiitumie bustanini. Itaua koa, lakini itaharibu udongo na kuunguza mimea yenyewe.

Kwa sota, zungushia kila mche kola ya karatasi ngumu au ganda la mgomba, uizamishe ardhini kiasi cha sentimita 2 au 3. Kwa vidukari, waponde kwa vidole au wanyunyizie maji ya sabuni, ukihakikisha yanafika chini ya majani. Yule mdudu wa mviringo mwenye mgongo mwekundu na madoa meusi usimwue. Yeye na watoto wake hula vidukari. Chura naye ni askari wako wa usiku.

HII TUNAYOIITA DAWA

Jina hili limewapoteza wengi. Dawa huponya, hii kazi yake ni kuua. Iliyochanganywa kwa ajili ya miwa au chai haikupimwa kwa dodo linalochumwa kesho. Katika chupa ya soda haina maandishi, na mtoto mwenye kiu hawezi kujua. Debe tupu la sumu, hata likioshwa mara kumi, halifai kuwekea maji ya kunywa.

Hata vidonge vya kuulia koa vina hatari. Aina iitwayo metaldehaidi huchanganywa na vitu vya chakula ili koa avutwe. Kuku, mbwa na hata mtoto anaweza kuvila. Uingereza ilipiga marufuku matumizi yake nje ya nyumba kuanzia mwisho wa Machi 2022.

Mtu akipata kizunguzungu, kutapika, mate mengi au kuona ukungu baada ya kugusa sumu, mvue nguo zilizolowa, mwoshe kwa maji na sabuni, na umpeleke hospitali upesi pamoja na kibandiko au jina la sumu hiyo. Usimlazimishe kutapika.

KAZI YA CHAMA

Jambo hili si la mtu mmoja. Mkataba namba 184 wa Shirika la Kazi Duniani, uliopitishwa Geneva mwaka 2001, unahusu usalama na afya katika kilimo. Unamtambulia mfanyakazi haki ya kuelezwa hatari za kazi yake, na unataka kuwe na utaratibu wa kukusanya madebe matupu ya sumu ili yasitumiwe kwa shughuli nyingine. Hata pale ambapo serikali haijauridhia, mambo hayo yanaweza kuwekwa mezani chama kinapojadiliana na mwajiri: madebe yarudishwe stoo na kuhesabiwa, wanyunyiziaji wapate mahali pa kuoga na kuacha nguo za kazi, na maandishi ya sumu yasomwe kwa lugha ambayo wafanyakazi wanaielewa.

Kambini nako tushirikiane. Koa hajui mpaka wa bustani. Ukisafisha peke yako, usiku wa pili watavuka kutoka kwa jirani. Nyumba zote za mstari mmoja zikitoka na taa kwa wiki moja mwanzoni mwa mvua, miche itapona.

Mwakilishi wa kila kambi aulize katika mkutano ujao: madebe yetu matupu yanakwenda wapi? Na kila mzazi, leo hii, atazame chini ya kitanda na nyuma ya mlango. Ikiwa kuna chupa isiyo na jina, aitoe mahali hapo kabla mtoto hajaiona, airudishe stoo, asiimwage mtoni.