Pompi isiposikia neno, isimame



Kipwa ya Katanga munaijua. Toka mwezi wa tano mpaka mvua irudie, mutu wa lenga-lenga, nyanya ao shu anaishi na maji ya muto na ya kisima tu. Juu ya ile, koperative nyingi zinatuuliza kama inawezekana pompi ijiwashe na kujizima yenyewe. Inawezekana. Lakini nianze na namna sisi wenyewe tuliunguza pompi moja.

Mu bustani yetu ya majaribio, karibu na Lubumbashi, tuliweka vikompyuta viwili vidogo. Kimoja kilikaa ku tanki, juu ya kilima. Cha pili kilikaa ku pompi, kando ya kisima, mita 300 chini. Tanki ikijaa, cha juu kinatuma neno moja: "Simama." Kazi ilienda muzuri majuma matatu. Usiku mumoja waya ikakatika. Labda ni panya, labda ni jembe, labda ni mutu wa kutafuta shaba. Huku kwetu shaba haikai muda mrefu peke yake. Neno "Simama" halikufika. Tanki ikamwagika, nyanya zikalala mu maji, kisima kikakauka, pompi ikazunguka bila maji mpaka mota ikaungua. Asubuhi tulikuta harufu tu.

Kosa halikuwa la waya. Tulipanga pompi ifanye nini ikisikia. Hatukupanga ifanye nini isiposikia.

Mikrokontrola ni nini?

Ni kompyuta ndogo sana, yote ndani ya kipande kimoja, juu ya kadi inayoingia mu kiganja. Kadi za Arduino, zilizoanzia Ivrea, Italia, mwaka 2005, njo zinajulikana zaidi. Inasoma kipimo cha unyevu wa udongo ao boya la tanki, kiisha inawasha ao kuzima kitu. Juu ya nini tuweke nyingi? Kwa sababu kadi moja haiwezi kukaa ku tanki, ku kisima na mu shamba pamoja, na kipimo kikivutwa na waya ndefu kinaanza kudanganya. Kila mahali ipate kadi yake, kiisha kadi zisemezane.

Njia tatu za kusemezana

Ndani ya sanduku moja, kadi na vipimo vinaweza kutumia njia ya I2C, iliyotengenezwa na Philips mwaka 1982. Ni waya mbili za mawasiliano tu, na kila kifaa kina namba yake. Lakini ni ya karibu: usiipeleke mpaka mwisho wa shamba.

Kwa mamia ya mita, tumieni RS-485. Waya mbili zilizosokotwa pamoja zinaweza kufika mita 1200 kama maneno yanaenda polepole, na mustari mumoja unabeba vifaa 32 vya kawaida. Mwanzo na mwisho wa mustari wekeni rezistansi ya omu 120, ili maneno yasirudi kama mwangwi. Mvua ikikaribia, kunjeni waya ao muitenge na kadi: radi ya Katanga inapenda waya ndefu.

Pahali waya zinaibiwa, kuna redio ya LoRa. Inakula batri kidogo na inafika kilomita kadhaa mahali peupe; miti na nyumba zinapunguza. Fungeni antena mbele ya kuwasha, na muulize ARPTC masafa gani yanaruhusiwa.

Angalisho mbili kwa fundi. Kadi zinazounganishwa moja kwa moja na waya lazima zishirikiane masi, yaani waya ya upande wa hasi. Na kadi ya volti 5 isisemeze kadi ya volti 3.3 bila kifaa cha kupunguza katikati: inaweza kuiua.

Jina, zamu, na kimya

Kusemezana ni kama mukutano wa koperative. Kila mutu ana jina, na batu wawili hawasemi pamoja. Tulichagua kadi ya pompi iwe mwenyekiti: inaita tanki, tanki inajibu, inaita shamba, shamba inajibu. Kila jibu linabeba namba ya kuhakikisha, ili neno lililoharibika njiani litupwe.

Kiisha tukageuza kazi yote. Leo tanki haitumi tena "Simama". Kila dakika inatuma "Endelea, kuna nafasi." Pompi ikikosa neno hilo mara tatu mufululizo, inajizima na kuwasha taa nyekundu. Waya ikatwe, batri ife, kadi iloweshwe na maji: mwisho ni mumoja, pompi inasimama. Tena, boya la kisima linafungwa ku kadi ya pompi yenyewe, ili ulinzi wa kisima usingoje habari kutoka mbali.

Kusimama nako kuna bei. Mimea itangoja maji, na lazima mutu apite kuangalia taa. Lakini pompi iliyosimama bure inawapotezea asubuhi moja. Iliyoungua inawapotezea kipwa kizima.

Mbele ya kulipa fundi

Kama bustani yenu ni vitalu vichache kando ya kisima, boya moja na mulinzi mwenye telefone vinatosha. Kama tanki iko mbali, ao vikundi viwili vinagawana kisima kimoja, njo mufikirie kadi nyingi.

Andikeni mu kitabu cha koperative nani anaangalia taa kila asubuhi, na nani ana funguo ya sanduku. Acheni swichi ya mukono ya kuzima, inayokata umeme wa pompi hata kadi ikikataa.

Na siku fundi anawaonyesha kazi, musiangalie tu namna inavyotembea. Mumwambie aondoe waya, ao azime kadi ya tanki, mbele yenu wote, pompi ikiwa inavuta. Muhesabu dakika. Pompi isiposimama, kazi haijaisha, na makuta ya mwisho yabaki mu kasha.